Kufanya bustani ya mtaa iwe salama kwa wanaotembea na watu wa baisikeli, vile tulifanya hapa Nakuru

Mama yangu aligongwa na baisikeli jioni moja akinyoosha miguu kwa bustani karibu na mtaa wetu hapa Nakuru, akaanguka mkono ukavunjika hapo kwa kifundo, na kesho yake mimi nilikuwa na hasira hadi nilikuwa naenda kuambia askari wa geti asiruhusu baisikeli yoyote kuingia tena. Mama ndio alinizuia. Aliniambia, "Huyo kijana hakuniona na mimi sikumwona, sasa utashtaki nani?" Nikaenda nikasimama pale ameangukia. Ni kona, ua la kayaba, ile fensi ya mimea ya miiba, limemea mpaka limepita kichwa changu, njia inashuka, na mtu akitoka upande ule mwingine huwezi kumwona mpaka mmekutana uso kwa uso.

Kwa hivyo hii ni ya mtu ako na shida kama hiyo kwao, iwe ni bustani ya mji ama ni kauwanja ka mtaa, iwe Nakuru, Kisumu ama Kakamega. Kuanza hakuhitaji injinia. Kunahitaji daftari, chokaa, futi ya kupimia, panga, na watu watano ama sita wenye hawachoki haraka.

Alafu kabla hujafika mbali, hiyo ya kupiga marufuku baisikeli itoe kwa kichwa. Huku kwetu baisikeli si ya wikendi peke yake, ni kazi ya mtu. Neno bodaboda lenyewe lilitoka mpakani kule Busia, watu wakivushwa kwa baisikeli kutoka mpaka huu hadi ule, na mpaka leo kuna wazee wanasomesha watoto na karia ya baisikeli. Ukiwafungia bustani hawatapotea, watarudi kwa barabara yenye matatu na malori, na ile ajali ya kuvunjika mkono utakuwa umeibadilisha na ya kifo. Mimi nasema hivi nikiwa mtoto wa mtu aliyegongwa.

Sasa anza na kuhesabu. Najua inaonekana kama kupoteza wakati, kila mtu anataka kuanza na rangi na mabango, lakini usipohesabu utaweka bango mahali hakuna shida. Chukua wiki moja, mgawane zamu: asubuhi saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili watu wakienda kazi na shule, mchana kidogo, jioni kuanzia saa kumi na moja mpaka giza, na Jumapili mchana juu hiyo ndio siku familia zinajaa na hakuna mtu anaharakisha isipokuwa watoto wamekodisha baisikeli. Kaa mahali njia zinakutana. Kwa daftari chora safu: wanaotembea, watoto wadogo, mwenye fimbo ama wilicheya, mama na mtoto mgongoni, baisikeli ya mtu mmoja, baisikeli imebeba mteja ama mzigo, mkokoteni, pikipiki. Piga mstari kila mmoja akipita, usianze kuandika hadithi.

Safu ya mwisho ndio ya maana kuliko zote, iite "nusura". Nusura ni pale mtu ameruka, ama amefunga breki mpaka gurudumu limeteleza, ama mama amevuta mtoto kwa mkono ghafla. Ajali yenyewe unaweza kaa mwezi mzima usiione, lakini nusura utaziona kila jioni, na kila moja weka alama kwa mchoro wa bustani, ata kama mchoro umechora na biro kwa karatasi ya manila. Sisi tulidhani shida iko kila mahali. Karatasi ilipojaa alama tukaona zimekusanyana: ile kona ya kayaba, mteremko karibu na geti la chini, na pale wauzaji wa miwa na mahindi wanakaa watu wanasimama katikati ya njia. Bustani yote iliyobaki ilikuwa karibu safi. Hiyo ilitupa moyo sana.

Ukishajua mahali, pima mwendo. Pima mita 20 kwa njia, weka mstari wa chokaa mwanzo na mwisho, alafu mtu na simu ahesabu sekunde baisikeli ikitoka mstari mmoja hadi mwingine. Chukua 72 ugawanye na hizo sekunde, jibu ni kilomita kwa saa. Sekunde 6 ni kilomita 12, hiyo ni mwendo wa heshima mahali pana watu. Sekunde 4 ni kilomita 18. Sekunde 3 ni kilomita 24, na hiyo kwa mteremko karibu na bembea za watoto ni hatari. Anayetembea polepole atachukua karibu sekunde 15, yaani kilomita 5 hivi kwa saa, kwa hivyo ukiona tofauti hiyo ndio unaelewa kwa nini shosho anaona baisikeli imetokea hewani.

Fikiria hivi, kwa kilomita 18 baisikeli inaenda mita 5 kila sekunde. Mtu akishtuka inachukua kama sekunde moja kabla vidole vikaze breki, kwa hivyo mita 5 zimeisha na breki haijafanya chochote bado, alafu sasa ongeza mita za kusimama, na ongeza tena kama ni vumbi letu la Nakuru lile jepesi linateleza kama unga. Kona ikikuonyesha mita 4 peke yake mbele, huyo kijana ata awe na adabu namna gani hawezi kusimama. Ndio maana mimi nikaacha kumlaumu.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni macho. Kata ua. Mahali njia zinakutana na kwa kila kona, majani yashuke yasipite kiuno cha mtoto, sentimita 60 ama 70 hivi, na ukate kwenda nyuma angalau hatua kumi kila upande wa kona, si pale pale kwa kona tu. Matawi ya miti yanayoning'inia yapandishwe yapite mita mbili na nusu ndio mtu wa baisikeli asiiname akakosa kuona mbele. Hapo omba ruhusa kwanza, juu bustani ni ya kaunti na mti wa umma haukatwi na mtu tu ameamka na panga. Sisi tulienda ofisi ya wadi na ule mchoro wetu, hatukuomba pesa, tuliomba ruhusa ya kufyeka Jumamosi, na ukiomba mtu kitu hakimgharimu unapata haraka. Asubuhi moja ikatosha. Mimi nikiambiwa nifanye kitu kimoja tu kwa bustani yoyote nitachagua panga kabla ya rangi.

Wale wamefika Hell's Gate huko Naivasha wanajua kitu nasema. Ni mbuga ya wanyama tangu 1984 lakini unaruhusiwa kuingia na baisikeli ama kwa miguu, na kuna magari ya watalii pia kwa njia ile ile. Ukitoka Elsa Gate kuelekea kule chini nchi iko wazi, unaona mtu na twiga na gari kutoka mbali, una wakati wa kuamua. Bustani ya mji haiwezi kuwa wazi hivyo na hatutaki iwe jangwa, kivuli ni haki ya watu, lakini kwa zile kona chache inawezekana.

Sasa njia yenyewe. Watu wengi wanafikiria dawa ni kuchora mstari katikati, huku baisikeli huku miguu, basi. Kama njia ni nyembamba huo mstari unaleta vita. Pima upana. Kama imefika mita 3 na zaidi inaweza kugawanywa ama kutumiwa pamoja vizuri. Kama ni mita 2 usichore kitu, juu watu wawili wakitembea wakiongea tayari wamemaliza upande wao, na yule wa baisikeli ataanza kuwapigia kelele ati wako kwa leni yake. Hapo bora utenge njia: baisikeli zizunguke nje karibu na fensi, wanaotembea wachukue njia za ndani penye viti na kivuli. Ama utofautishe chini, kabro, yale matofali ya zege ya kutandika chini, ya watu wa miguu na murram iliyoshindiliwa ama zege ya baisikeli, ndio ata mtu asiyesoma, na mtu haoni vizuri, anajua kwa mguu kwamba ametoka upande wake. Mtu mwenye fimbo nyeupe mstari wa rangi haumwambii kitu.

Angalia pia zile njia watu wamejikatia wenyewe kwa nyasi. Kawaida watu wanaziwekea waya, na wiki ijayo waya imelala chini. Hiyo njia inakuambia watu wanaenda wapi, kwa steji, kwa soko, kwa shule, kwa hivyo ichukue uiweke murram uifanye halali, na ndio utapata njia mbili mahali kulikuwa na msongamano kwa moja.

Na upande gani mtu akae? Hii ilitusumbua mpaka tukagundua kwa nini. Shuleni tulifundishwa ukitembea kando ya barabara isiyo na njia ya miguu tembea kulia, uone magari yakikujia. Baisikeli nayo kama gari inakaa kushoto. Sasa wote wakiingia bustani kila mmoja na sheria yake wanakutana kifua kwa kifua. Chagueni moja, sisi tulichagua kila mtu akae kushoto, anayepita mwingine apite kulia, tukachora mishale chini na picha ya mtu na ya baisikeli, na geti zote mbili tukaweka ubao wa maneno machache: KAA KUSHOTO. BAISIKELI POLEPOLE. MWENYE MIGUU KWANZA. Maneno yakizidi hapo hakuna mtu atasimama kusoma.

Kengele ina hadithi yake. Yule kijana alipiga kengele wakiwa tayari wamekutana kwa ile kona, mama alisikia kabisa, na kengele ndio ilimfanya aruke upande ule ule baisikeli ilikuwa inaelekea. Ukipiga ukiwa hatua mbili nyuma ya mtu unamtisha. Piga mbali, hatua kumi na tano, ishirini, mara moja ama mbili, alafu punguza, na ukifika karibu tumia mdomo: "Shikamoo mama, napita kulia kwako." Mtu mzima akisalimiwa anatulia, haruki. Na kuna watu hawasikii, wengine ni viziwi, wengine wako na earphone, kwa hivyo kama umepiga na mtu hajasonga usipige tena kwa nguvu kama umetukanwa, shuka mwendo ufuate nyuma mpaka njia ipanuke, ama ushuke usukume, ni mita chache.

Kwa wenye miguu nao, tuambiane ukweli. Msijipange watano kwa mstari mkichukua njia yote. Mtoto wa miaka mitatu mshike mkono upande wa nyasi, si upande wa katikati. Mbwa awe na kamba fupi, juu ile kamba ndefu ikikatiza njia jioni haionekani na mtu ataruka juu ya handeli. Ukitaka kusimama usome simu toka pembeni.

Kupunguza mwendo kwa mteremko, tafadhali msijenge bampu. Najua ndio kitu ya kwanza kila mtu anasema. Bampu kwa baisikeli imebeba mama na mtoto inaweza kumtupa, na mwenye haraka hapiti juu yake, anazunguka kwa ukingo, na ukingo ndio kuna watu wanatembea. Bora njia ipindwe kidogo kabla ya kufika mahali pana watu, ama ipunguzwe upana kwa maua, ama uweke mistari ya kabro imeinuka kidogo sana ili gurudumu litetemeke tu. Sisi tulitumia matairi ya zamani, tukayajaza udongo na maua, tukapaka nyeupe. Yanafanya kazi, lakini weka mbali na mahali wenye fimbo wanapita, na ubandike kitu cha kumeta usiku la sivyo tairi yenyewe itakuwa ajali.

Kwa geti ndio penye kichwa kuuma. Shida kubwa ya jioni si baisikeli, ni pikipiki zikikata bustani kukwepa jam. Mtu wa kwanza atasema tuweke nguzo fupi. Nguzo zikiachana mita moja na nusu gari haliingii na wilicheya inapita vizuri, lakini pikipiki pia inapita. Ukizikaza mpaka pikipiki ikwame, wilicheya nayo inakwama, yule mama wa mkokoteni anabaki nje, na hiyo pikipiki itatafuta tundu kwa ua. Tulizunguka hiyo hesabu wiki mbili. Mwisho tukaona pikipiki inaingia juu geti mbili zimenyooka, moja inatokea nyingine, ni njia ya mkato nzuri. Tukaongea na kaunti njia ya katikati ikapindishwa ikazunguka kichaka cha miti, mkato ukawa si mkato tena, na askari akawekwa geti la chini saa za jioni. Zimepungua, hazijaisha. Na tulikaa na chairman wa steji ya boda tukamwonyesha karatasi ya nusura bila kumgombeza, akachukua simu akapiga picha akasema atawaonyesha vijana wake. Tungeanza na yeye siku ya kwanza. Wale wa boda za baisikeli ndio walituonyesha mahali mtaro una vyuma vimelala sambamba na njia, tairi nyembamba linaingia katikati linashikwa. Vyuma vya mtaro vilazwe kukatiza njia, si kufuata njia, na kama vinaibwa viuzwe kwa skrapu weka slabu ya zege yenye matundu madogo.

Giza. Huku karibu na ikweta jua likizama hakuna jioni ndefu, kufika saa moja na dakika kadhaa usiku umeshaingia. Mulika mwizi, ile taa kubwa ya nguzo ndefu, ni nzuri kwa kuzuia wezi lakini iko juu sana, na miti inaweka kivuli cheusi kabisa chini, kwa hivyo mtu anatoka mwangaza mkali anaingia shimo. Kama kaunti inauliza mnataka taa gani, ombeni nguzo fupi zenye kuwa chini ya matawi, kwa zile kona zenu kwanza. Baisikeli iwe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na kama hakuna pesa angalau riflekta ya nyuma na ile jaketi ya kumeta. Fundi wa baisikeli yeyote atakukazia breki akiwa anakuwekea riflekta, na breki ya nyuma peke yake haitoshi kwa mteremko.

Usisahau nje ya geti. Mtoto anaweza kuwa salama ndani alafu agongwe akivuka kwenda nyumbani. Mwendo wa gari mjini sheria ni kilomita 50 kwa saa, mahali watoto wanavuka huo bado ni mkali. Jua barabara ni ya nani kabla ya kuandika barua: barabara kuu kama A8 ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, nyingine za mjini ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini, zingine za kaunti, na barua ikienda ofisi siyo itakaa kwa droo. Omba kivuko kilichoinuliwa mbele ya geti, hapo kwa gari bampu inafaa, na geti lenyewe lirudi ndani kidogo ili baisikeli ikitoka isijipate kwa lami moja kwa moja.

Kuhusu kaunti, Katiba ya 2010 kwa ile Jedwali la Nne imeweka bustani na sehemu za burudani, barabara za kaunti na taa za barabarani chini ya kaunti, kwa hivyo mkienda hapo hamuombi msaada, ni kazi yao. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti. Lakini wakati ni kila kitu. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafaa kufika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, kwa ajili ya mwaka wa fedha unaoanza Julai inayofuata, kwa hivyo ukitokea Novemba na picha zako nzuri umechelewa mwaka mzima. Kuanzia Mei, Juni, muwe tayari, muende kwa baraza la maoni ya wananchi mkiwa wengi, mkiwa na mtu wa wilicheya, mtu wa boda ya baisikeli na shosho mmoja, wote wakisema kitu kimoja. Beba daftari, mchoro na picha tano tu. Usiseme "tunataka bustani salama". Sema "tunataka taa mbili hapa, slabu nne hapa, njia ipanuliwe kutoka mita 2 hadi 3 kwa urefu huu". MCA, mwakilishi wa wadi yenu kwa bunge la kaunti, anaweza kuandika hiyo kwa karatasi.

Askari wa geti apewe daftari la ajali pia, tarehe, saa, mahali, nini kilitokea, bila majina ya watu. Na kwa kibanda chake kuwe na sanduku la huduma ya kwanza na namba 999 na 112 zimeandikwa ukutani kubwa. Siku ya mama tulitafuta leso ya kufunga mkono kwa mwenye kuuza mahindi, Mungu ambariki.

Baada ya miezi mitatu rudini muhesabu tena, saa zile zile, mahali pale pale, na mpime sekunde kwa zile mita 20. Pahali nusura zimehamia ndio kazi inayofuata, juu huwa zinahama, sisi zilitoka kwa kona zikaenda karibu na choo.

Rangi mishale yenu mpake Januari ama Februari wakati kumekauka, kabla mvua ndefu ya Machi, na si chokaa, chokaa mvua moja tu inaondoka nayo, nunueni rangi ya barabara. Na mvua ikianza kabro ya chini ya miti inaota utelezi wa kijani, huo usuguliwe na brashi na mchanga kila wiki, hasa kwa mteremko. Mama siku hizi anaenda saa kumi na moja, akifika kwa ile kona anaangalia kama kayaba imeanza kumea, na ikimea ananipigia simu.